Lelemama Katika Ghala la Sufi

Jumatatu, 16 Machi 1953

Leo mtu wa Dar es Salaam kaniuliza kama najua kusoma. Kaniuliza mbele ya majirani, amekalia kiti changu, na kikombe cha kahawa yangu mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, marehemu baba yangu alinitia chuoni mpaka nikahitimu. Kwa herufi za Kiarabu naandika Kiswahili changu bila kumwomba mtu. Wewe umeishia juzuu ya ngapi?" Akacheka kicheko cha aibu. Alipoondoka nikaagiza daftari dukani. Nitaandika yote yatakayotokea, ili siku akija mwingine na suti yake nimsomee.

Jina lake Mbaruku. Ni wakala wa kampuni ya santuri, anazunguka pwani yote kutafuta waimbaji. Kaambiwa kuwa Bagamoyo yupo Mwajabu binti Rehani, manju wa lelemama, kiongozi wa waimbaji wa ngoma hiyo ya wanawake, ambaye tangu enzi za Mjerumani hajatokea mwanamke wa kumnyamazisha. Ndiye mimi. Anataka nyimbo za santuri tatu, na zaidi ya zote anautaka wimbo wa Kanga.

Nani asiyeutaka? Niliutunga mwaka ule wa mashindano makubwa, chama chetu cha Kilua cha hapa Dunda kilipokutana na Yungiyungi wa mtaa wa Magomeni, hapahapa mjini. Nilimrushia manju wao, Sikuzani, macho kwa macho:

Kanga uliyoazima, usipite kwenye tope,
Mwenyewe akiitaka, utajifunika kope?

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Desturi ni kwamba aliyerushiwa hujibu siku ya pili yake, kwa kina kilekile, na asipoweza basi kashindwa. Usiku huo vijana wakapigana fimbo, na asubuhi Bwana Shauri, mkubwa wa serikali hapa wilayani, akapiga marufuku mashindano. Jibu halikuja. Mpaka leo mji unasema Mwajabu alishinda, nami sijawakatalia.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Paa linavuja upande wa jikoni.

Ijumaa, 20 Machi

Mwanangu Kibwana alikuja baada ya sala ya Ijumaa, na kanzu yake bado safi pamoja na tope lote hili. Anafundisha chuo hapo karibu na msikiti, watoto wa nusu ya mji wamepita mkononi mwake. Najivuna naye, ingawa simwambii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

"Nasikia unataka kuingia kwenye santuri."

"Sitaki. Naingia."

Akakaa, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema mwanamke wa umri wangu anatengeneza akhera yake, hatengenezi santuri. Nikamwambia hivyo viwili havigombani. Hapo akapandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Mama, ngoma ikiisha watu huenda zao. Santuri haiishi. Utakuwa umelala kaburini, na walevi huko kilabuni wanaipiga sauti yako. Nani atakwenda kuizima?"

Nikamjibu kuwa nimewaimbia walevi walio hai maisha yangu yote na hawakunila. Akaondoka bila kumaliza kahawa. Mlangoni akasema nikienda huko, Ramadhani hii hafuturu kwangu. Haya, asifuturu. Bamia nitapika vilevile.

Jumapili, 22 Machi

Tumefanya mazoezi barazani kwangu. Mwanahija, shoga yangu tangu utoto na mkuu wa wapokezi wangu, kaja na wanawake tisa. Mwinyijuma kaja na zumari lake. Meno ya mbele hana tena, lakini pumzi anayo. Nikamuuliza atapulizaje na ufizi, akasema ufizi wangu mimi ndio wa kuulizwa, maana ndio unaotoa maneno.

Tulianza kwa hodi, kama inavyopasa. Atakaye kuamini aamini, mimi sijawahi kufungua kinywa uwanjani bila kupiga hodi, na anayeimba bila hodi namhesabu mwizi.

Hodi hodi wenye mji, ninataka kuingia,
Walio hai na wafu, wote nawaamkia.

Kisha hutajwa majina, mmoja mmoja. Wenye uwanja, wazee waliotangulia, mamanju waliolala. Wapokezi huitikia kila jina. Hodi nzuri haina haraka.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mwinyijuma ana mafua.

Jumanne, 31 Machi

Mbaruku hajatokea. Wanasema barabara ya Dar imekatika na magari yamelala njiani. Wapokezi wangu watatu wamekwenda Makurunge kupanda mpunga, na wawili wako Kiwangwa wanalinda mihogo isiliwe na nguruwe. Siwalaumu. Santuri hailiwi.

Jumamosi, 11 Aprili

Wamekuja. Nimerudi sasa hivi na naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko usomeke hivyohivyo.

Mashine yao ya kunasia sauti wameiweka kwenye ghala la sufi ya magodoro, lile la Mhindi nyuma ya soko. Fundi wao ni Mgoa mmoja, Disuza, mtu mpole, anazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba pana mgonjwa. Alinieleza kuwa magunia ya sufi yanameza mwangwi na kupunguza kelele za mvua kwenye mabati, ndiyo maana wamelichagua. Magunia yamepangwa pande zote mpaka darini. Nyuzi za sufi zinaelea, ukivuta pumzi unapiga chafya.

Mbaruku akawazuia wapokezi mlangoni.

"Hawa wangoje nje," anasema. "Kampuni inataka sauti ya bibi peke yake, safi. Ngoma moja na zumari kwa mbali, basi."

"Na nani ataitikia?"

"Hakuna haja ya kuitikia."

Mwanahija akanitazama. Nikamwambia angoje, nijaribu. Kosa langu la kwanza hilo, kumpa mtu yule nafasi ya kudhani naweza kuvumilia.

Nikasimama mbele ya kile kidude cha kuimbia. Nikaanza: Hodi hodi wenye mji. Mbaruku akapunga mkono, mashine ikazimwa. "Bibi, upande mmoja wa santuri ni dakika tatu tu. Hiyo hodi yako peke yake itazimaliza. Anza na wimbo wenyewe."

"Mimi niingie bila hodi?"

"Hapa hakuna mwenyewe, bibi. Hapa ni ghala."

Disuza akasema kwa upole kwamba naweza kupiga hodi yangu kwanza, mashine ikiwa imezimwa, halafu aiwashe. Yaani hodi niiache nje na mimi niingie ndani! Lakini nilikuwa nimekwisha fika, na tayari Mwinyijuma alikuwa amelowanisha zumari. Nikasema haya, tuone.

Nikaimba Kanga. Nililirusha neno la kwanza, nalo likaenda likagonga gunia likafia hapohapo. Hakuna aliyesema "Eee!" Hakuna aliyeinuka kuja kunitunza. Nilikuwa namwambia nani kuwa kaazima kanga? Sufi? Ubeti wa pili sauti ikanikauka. Nikakohoa, tukaanza tena, ikanikauka tena. Mara ya tatu nikasahau maneno. Mimi! Maneno niliyoyatunga mwenyewe, ambayo watoto wa Bagamoyo wanayajua!

Hapo nikamsikia Mbaruku akimnong'oneza Disuza, "Kizee sauti imemwisha. Tumechelewa miaka ishirini."

Masikio yangu mazima. Nikatoka nikapita kwenye mvua bila mwavuli, na Mwanahija ananifuata nyuma akiita, nami simwitiki.

Jumapili, 12 Aprili

Sikutoka.

Jumatatu, 13 Aprili

Mbaruku kaja na adabu nyingi, na adabu ya namna ile ni mbaya kuliko tusi. Anasema wanakwenda Tanga kwa kupitia Msata, wakijaliwa watarudi hapa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nikiweza kuimba peke yangu kama kampuni inavyotaka, vyema. Nisipoweza, amekwisha zungumza na Dija ayaimbe maneno yangu, "kwa heshima yako, bibi."

Dija ni binti wa Mwanahija. Ana sauti ya kupendeza, ndiyo. Nilimfundisha mimi. Lakini Dija hajagombana na mtu hata mmoja tangu azaliwe. Ataimbaje Kanga? Atawaomba radhi waliomsikiliza.

Nilimwambia Mbaruku nyimbo zangu si mali ya urithi, bado sijafa. Akasema, "Basi tusikie." Kumbe ana ulimi kidogo. Leo kwa mara ya kwanza nimeona kuwa naye ni mtu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mwanahija kaja kuniapia kwamba hakujua lolote kuhusu Dija. Nikamwambia simwamini. Akaondoka analia. Usiku huu roho yangu haina raha.

Ijumaa, 17 Aprili

Asubuhi nimekwenda kwa Mwanahija nikamwambia namwamini. Akanipa chai na maneno makali, yote nikayanywa. Dija mwenyewe akatoka chumbani, akanipigia magoti. "Shikamoo bibi. Mimi nilisema ndiyo kwa woga tu. Yule bwana anazungumza haraka." Mtoto wa watu. Nikamwinua.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua haijakatika wiki nzima. Nimekuwa nikiimba jikoni, nyuma ya mlango, nione kama kweli sauti imekwisha. Haijaisha. Nikiimbia sufuria, haitoki. Nikimfikiria yule mwanamke wa Magomeni anavyonitazama na jicho lake moja amelifinya, inatoka mpaka jirani anagonga ukuta.

Wallahi neno hilo nimeliandika, na sasa siwezi kulifuta.

Jumamosi, 25 Aprili

Hapana. Nimwendee Sikuzani? Ng'o! Afadhali aimbe Dija.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimekwenda.

Sijakanyaga uwanja wa nyumba ya Sikuzani tangu mwaka wa mashindano. Tumekutana mazikoni, tumekutana harusini, kila mtu na upande wake wa jamvi. Nilivaa kanga mpya, nikatafuna tangawizi njia nzima. Nilimkuta barazani anasuka ukili, kanenepa, miguu imemvimba, lakini jicho ni lilelile.

"Hodi," nikasema.

Alisuka mpaka akamaliza mkono mzima wa ukili ndipo akanijibu. "Karibu. Umepotea njia?"

"Sikupotea."

"Basi nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba jambo."

Akauweka ukili chini. "Mwajabu binti Rehani kaja kuniomba! Ngoja niwaite wajukuu waje kuona." Akawaita kweli, Mungu shahidi. Wakajipanga wananitazama, nami nimesimama mvuani kama mdaiwa, maana hakunipisha kwenye mkeka. Nikavumilia. Mwana kulitaka, mwana kulipata.

Nikamweleza habari ya ghala, na magunia, na Mbaruku, na sauti ilivyonifia kooni. Sikuficha. Nikamwambia, "Wimbo ule nilikutungia wewe. Usipokuwepo hautoki. Nataka uje usimame mbele yangu nikutukane, halafu na wewe unitukane, tuingie wote kwenye santuri. Upande mmoja mimi, upande wa pili wewe."

Wajukuu wakamgeukia bibi yao.

"Unajua," Sikuzani akasema, "kwamba jibu ninalo?"

Nikamdakia, "Tangu lini?"

"Tangu usiku uleule. Nililitunga kabla ya alfajiri, nikawafundisha Yungiyungi wote. Tulikuwa tunavaa sare zetu tuje, ndipo akaja askari wa Bwana Shauri na tangazo lake. Tangu siku hiyo kila harusi naimbiwa Kanga yako, na mtu akiniona ananicheka chini ya ukaya wake wa kichwani. Wewe ulikuwa unasikia wanasema umeshinda. Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Naam. Hukusema kitu."

Nikamwomba aniambie hilo jibu, nipime. Akacheka mpaka akakohoa. "Thubutu! Utalisikia siku ile, mbele ya mashine, kama nilivyolisikia la kwako mbele ya watu. Au akutukanaye sasa anakuchagulia tusi?"

Kweli, akutukanaye hakuchagulii tusi. Nikafikiri. Jibu likiwa bovu, mimi nimeshinda mara ya pili, na safari hii dunia nzima itajua. Jibu likiwa zuri, sifa yangu ya miaka yote imekwenda na maji, na haitarudi, maana santuri haibadiliki kama maneno ya watu barazani. Nikasema, "Njoo nalo."

Hapo ndipo akanipisha kwenye mkeka. Akaniletea chai. Chungu! Nadhani sukari aliiacha makusudi.

Jumatano, 29 Aprili

Kibwana hajaja tangu siku ile. Mkewe kaleta samaki, anasema mumewe hana habari. Mumewe ndiye aliyewanunua samaki, mke mwenyewe sokoni haendi. Nikasema ahsante.

Jumapili, 3 Mei

Mvua imepungua. Waliokwenda Makurunge na Kiwangwa wamerudi, wamechoka na wamekonda. Nikawaambia habari ya Sikuzani. Mmoja akauliza, "Na jibu lake likitushinda?" Nikamwambia basi litakuwa limetushinda. Walinitazama kama nimepandwa na shetani.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeota jibu la Sikuzani. Nilipoamka nikawa nimelisahau. Siku nzima nimekuwa mkali kwa kila mtu, hata kuku.

Jumapili, 10 Mei

Gari lao limeingia jioni limejaa tope mpaka kwenye vioo. Mbaruku kaja akaniuliza kama nipo tayari kuimba peke yangu. Nikamwambia kesho kutwa nitakuwa tayari, ghala nilikute wazi. Sikumjibu alilouliza.

Jumanne, 12 Mei

Leo tumevunja jungu. Kila mji wa pwani hula na kucheza siku hizi za mwisho kabla ya mfungo, na sisi tumelivunja jungu ndani ya ghala la sufi.

Nilifika na wanawake wangu wote wamevaa sare, kanga moja, kilemba kimoja. Mbaruku akasimama mlangoni kama mara ya kwanza. "Bibi, tulikubaliana..."

"Wewe ulikubaliana na nafsi yako. Pisha."

Kabla hajafunga mdomo wakatokea Yungiyungi kwa upande wa soko, Sikuzani mbele kashikwa mkono na wajukuu wawili, upatu unalia, na nyuma yao nusu ya Magomeni. Watu wa Dunda na Magomeni hawajatembea pamoja tangu mwaka ule. Mbaruku akapishwa na wingi tu, hakusukumwa na mtu. Disuza aliwaona wote wale wakiingia na kukalia magunia yake. Nikadhani atalalamika. Alicheka, akakisogeza kile kidude katikati ya ghala, akatuonyesha tusimame wapi ili ngoma isitufunike.

"Dakika tatu," Mbaruku akasema kwa udhaifu.

"Upande wa kwanza ni hodi," nikamwambia. "Dakika zote tatu. Asiyetaka kusikia hodi asinunue."

"Hakuna kampuni duniani inayouza hodi!"

"Basi ya kwako itakuwa ya kwanza." Nikamwashiria Disuza, naye akawasha bila kumtazama bosi wake.

Nikaanza. Walio hai na wafu. Nikataja mamanju wote waliolala, wa Kilua na wa Yungiyungi pia, na kila jina liliitikiwa na pande zote mbili. Nikamtaja baba yangu. Nikamtaja baba yake Kibwana. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa, mikono ilikuwa na kazi.

Kisha tukaimba nyingine, moja baada ya moja. Mvua ilipiga mara mbili tukalazimika kungoja, watu wakala visheti palepale juu ya magunia. Mbaruku alikula pia. Alikuwa haongei tena, na mguu wake mmoja ulikuwa unafuata ngoma bila yeye kujua.

Ikafika zamu ya Kanga. Sikuzani akasimama mbele yangu, hatua chache, akalifinya jicho. Basi! Sauti ilitoka ambako sikujua bado ipo. Nilimwambia kanga si yake, nilimwambia tope linamngoja, nilimwuliza atajifunika kope? Wanawake wangu wakainuka wakanifunika kwa kanga zao mabegani, vigelegele vikavuma, sufi ikaruka hewani. Ningekufa hapo ningekufa nimeshiba.

Disuza akaandaa upande wa mwisho. Sikuzani hakuharakisha. Akawatazama watu wote waliomcheka kwenye harusi zote zile, ndipo akafungua kinywa:

Tope nimepita jana, kanga yangu ni nyeupe,
Wewe umekaa ndani, nyayo zako zote tope.

Loo! Nilisimama kinywa wazi. Kina ni changu, tope ni langu, na kaligeuza likanirukia mimi. Dunda nzima ikanitazama uso kwa kuogopa. Nikasikia donge linapanda kifuani. Ni wivu, niseme wazi, wivu mtupu, maana ningetamani ubeti ule niwe nimeutunga mimi. Na aliutunga usiku mmoja!

Nikaivua kanga yangu ya juu, ile mpya. Nikamwendea nikamfunika nayo mabegani, kama anavyotunzwa manju. Ndipo watu wakalipuka. Disuza hakuzima, kelele zote zimo.

Mambo hayakuishia hapo. Watu walipotoka, Mbaruku akanivuta pembeni na uso wa mtu anayeniletea zawadi. "Bibi Mwajabu, nimekosea, nakiri mbele yako. Sauti unayo. Hata hodi nitaipeleka. Lakini tufanye hivi. Ule upande wa yule bibi tuuache. Nyuma ya Kanga tuweke wimbo wako mwingine. Jina ni lako, santuri ni zako. Kwa nini umwachie mwingine neno la mwisho? Watu watasikiliza mpaka mwisho na watasema umeshindwa."

"Nimeshindwa kweli," nikasema.

"Nani anajua, nje ya ghala hili?"

Lo, alinigusa penyewe. Kwa miaka yote ile hakuna aliyejua, na nilikaa nayo vizuri tu. Sikuzani alikuwa nje anasaidiwa kuvuka dimbwi, kanga yangu mabegani, anacheka na watu wa Dunda.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Mara ya kwanza nilipoimba humu nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunijibu, na nikashindwa hata kupumua. Afadhali nishindwe na mtu kuliko kuyashinda magunia ya sufi. Ukiukata upande wake, kata na wangu, kata na hodi, uende Dar mikono mitupu ukamwambie bwana wako kuwa Bagamoyo hakuna waimbaji."

Akanitazama sana. Kisha akamwita Disuza, akamwambia aandike kwenye boksi la kanda za sauti zetu: Kanga, Mwajabu binti Rehani. Jibu la Kanga, Sikuzani wa Magomeni. Nilisimama nikamsimamia mpaka akamaliza kuandika, maana mtu wa suti namjua.

Jumatano, 13 Mei

Wameondoka. Mifupa yote inauma.

Alhamisi, 14 Mei

Mwezi umeandama. Watu walikuwa wanapiga kelele ufukweni, na mizinga ya watoto ya mianzi ikalia.

Kibwana kaja baada ya Isha. Kwanza alisimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nasikia mlifanya."

"Tulifanya."

"Hodi mlipiga?"

"Upande mzima."

"Wafu mliwataja?"

"Tuliwataja. Na baba yako."

Akakaa, kofia mkononi. Akaniuliza kama yupo aliyeitikia jina la baba yake. Nikamwambia ghala zima liliitikia, Dunda na Magomeni. Akauliza tena, nikamwambia tena. Hajasema kuwa nimefanya vyema, na sikumngoja aseme. Aliponiaga akaniuliza kesho nitapika nini futari. Nikamwambia aje aone.

Alipotoka tu akaingia mjukuu wa Sikuzani na kanga yangu, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Nikamuuliza kuna ujumbe? Akaona haya. Nikamwambia sema, mimi siogopi maneno.

"Bibi anasema eti amekurudishia kanga yako, maana yeye haazimi."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mshenzi yule! Nimetafuta kina usiku huu wote na bado sijakipata. Ninao mwezi mzima wa kufunga na kufikiri, na Idi tutakutana uwanjani, pale pasipo mashine ya kunihesabia dakika za kumjibu.